Charles Njonjo, mtu wa vifungu

Jumapili ya tarehe 2 Januari 2022, salamu za mwaka mpya zilikuwa bado zinamiminika kwenye simu habari ilipoingia kwamba Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru, amefariki alfajiri, wiki tatu tu kabla ya kutimiza miaka 102. Watu hawajamaliza kuulizana kama ni kweli au ni uvumi, mwili ukawa umeshateketezwa katika tanuri la Wahindu pale Kariokor, Nairobi, kama alivyoagiza mwenyewe. Hakukuwa na kamati ya mazishi wala mchango, hema halikukodishwa, na hakuna mwanasiasa aliyepata nafasi ya kung'ang'ania kipaza sauti mbele ya jeneza. Kenya nusu ya siasa hufanyiwa matangani. Mzee aliwanyima wote jukwaa.

Mitandaoni watu wakagawanyika kama kawaida. Kuna waliomlilia mlinzi wa katiba, na kuna waliomwita mkoloni mweusi wakaenda zao. Nimesoma habari zake nyingi tangu wakati ule, na naona kambi zote mbili zimempunguza. Njonjo hakuwa mvunja sheria, na ugumu wa kumweleza unaanzia hapo. Kwa miaka 17 ya uanasheria mkuu wake, karibu kila jambo zito ambalo serikali ililitaka alilitafutia kifungu, na pale kifungu kilipokosekana, kikatungwa. Makaratasi yake yalikuwa safi. Ukitaka kujua jinsi nchi inavyoweza kufungwa kamba pole pole bila sheria hata moja kuvunjwa, soma maisha yake.

Alizaliwa Kabete mwaka 1920, mtoto wa Josiah Njonjo, chifu mkubwa wa enzi za Mwingereza. Nyumba kama hiyo ilimpa mtoto njia ambayo wenzake wengi hawakuiota: shule ya Alliance, kisha King's College Budo kule Uganda, kisha Fort Hare nchini Afrika Kusini, chuo kilichowapitisha pia Nelson Mandela na Seretse Khama. Akaenda Uingereza, akasomea sheria, akaitwa kwenye uwakili na Gray's Inn, chama cha mawakili cha London, mwaka 1954. Aliporudi nyumbani nchi ilikuwa bado katika hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, watu wamejazwa kambini, naye akaingia kazini serikalini katika ofisi ya Msajili Mkuu. Akapanda ngazi hadi kuwa naibu wa kiongozi wa mashtaka ya umma. Mwaka 1963, akiwa na miaka 43, akawa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru. Hakutoka kizuizini wala msituni, alitoka ofisini, na nadhani hilo linaeleza mengi.

Tusipoielewa ofisi yenyewe hatutamwelewa mtu. Mwanasheria Mkuu wa wakati ule alikuwa mshauri wa serikali kwa mambo ya sheria. Miswada ya serikali iliandikwa katika ofisi yake. Alikuwa mbunge kwa wadhifa wake, anazungumza na kujibu maswali ingawa hapigi kura. Na juu ya yote, mashtaka yote ya jinai nchini yalikuwa mkononi mwake: angeweza kuyaanzisha, kuyachukua kutoka kwa aliyeyaanzisha, au kuyasimamisha wakati wowote kabla ya hukumu, na katiba ilisema wazi kwamba katika hilo hapokei amri ya mtu yeyote. Kumwondoa kulihitaji jopo maalumu la uchunguzi. Mawaziri walikuja na kuondoka, yeye akabaki.

Mjomba wangu alikuwa karani wa mahakama ya hakimu miaka ya sabini, na ndiye aliyenifahamisha jinsi uwezo ule ulivyoonekana ukiwa chini kabisa. Karatasi moja inafika na posta. Aya mbili, sahihi, muhuri. "Mwanangu, hakimu alivaa miwani, akaisoma mara mbili, halafu akamwambia mshtakiwa aende nyumbani," aliniambia. Mashahidi waliotoka mbali wakabaki kuangaliana. Faili likafungwa kwa uzi likarudishwa kabatini. Sababu haikuandikwa, wala hakimu hakuwa na ruhusa ya kuiuliza. Na kwa mujibu wa sheria, aliyeachiliwa namna ile alikuwa anaweza kushtakiwa upya kwa kosa lile lile, siku yoyote ambayo ofisi ingeona inafaa. Kwa hiyo hata aliyesamehewa alilala akijua faili lake lipo.

Sasa tuje kwenye kutunga. Mwaka 1966 Oginga Odinga, Makamu wa Rais, alitoka chama tawala cha KANU, wabunge kadhaa wakamfuata kwenye chama kipya cha KPU. Mara katiba ikarekebishwa, mbio mbio, ikasema mbunge akihama chama kilichompeleka bungeni apoteze kiti na kurudi kwa wapiga kura. Mwaka huo huo yakaja marekebisho yaliyofungua mlango wa kuwaweka watu kizuizini bila kesi hata wakati wa amani. Mwaka 1968 wagombea binafsi wakazibiwa njia: bila chama hugombei. Oktoba 1969 KPU yenyewe ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa ndani. Kila hatua ina tarehe yake na nambari yake kwenye vitabu vya sheria. Hakuna mahali ambapo askari waliingia bungeni na bunduki.

Sisemi Njonjo aliyafanya haya peke yake. Kulikuwa na Jomo Kenyatta, kulikuwa na waziri Tom Mboya mpaka alipouawa Julai 1969, kulikuwa na wabunge walionyoosha mikono. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na kalamu, na kalamu ile ilijua kazi yake.

Mfano ninaoupenda, kama kupenda ndiyo neno, ni wa Paul Ngei. Ngei alihukumiwa na Mwingereza pamoja na Kenyatta katika kesi ya Kapenguria, wakala ugali wa jela moja, na udugu wa jela haukatiki kirahisi. Katika uchaguzi wa 1974 alishinda kiti chake kule Ukambani, kesi ikapelekwa mahakamani, na mahakama ikamkuta na kosa la kumtishia mpinzani. Sheria ilikuwa haina huruma: anapoteza kiti, na hagombei tena kwa miaka mitano. Kenyatta alitaka mtu wake arudi. Shida ni kwamba Rais alikuwa na uwezo wa kusamehe waliohukumiwa kwa jinai, lakini kosa la uchaguzi lililoamuliwa na mahakama ya uchaguzi halikuwemo.

Serikali nyingine ingempuuza hakimu tu. Kenya ya Njonjo haikufanya hivyo. Desemba 1975 mswada ulipelekwa bungeni kuongeza maneno machache kwenye kifungu cha 27 cha katiba, kumpa Rais uwezo wa kufuta adhabu ya mtu aliyezuiwa kugombea na mahakama ya uchaguzi. Ulisomwa hatua zote na kupita mchana mmoja. Katiba ya taifa ilibadilishwa kwa ajili ya mtu mmoja, utaratibu ukafuatwa hadi nukta ya mwisho, na Ngei akarudi bungeni kupitia uchaguzi mdogo. Tafadhali kikumbuke kifungu hicho cha 27, tutakihitaji.

Kwa upande wa majaji alikuwa na njia nyingine. Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika, Kitili Mwendwa, alijiuzulu mwaka 1971 baada ya jina lake kutajwa katika kesi ya njama ya mapinduzi. Aliyemfuata alikuwa Mwingereza, James Wicks, akakaa hadi 1982. Majaji wengi wa miaka ile walikuwa wageni wa mkataba, na mkataba huisha, na ukiisha kuna mtu wa kuamua kama utaongezwa. Njonjo hakuona haya kusema kwamba haoni haraka ya kuwaweka Waafrika kwenye viti vile, na watu walimchukia kwa hilo kuliko kwa sheria za kizuizini. Nafikiri walikasirikia dogo. Uzungu wake ulikuwa wa wazi, na pengine ulimfaa: suti za mistari zilizoshonwa London, kizibao, ua kwenye kola, mpaka wananchi wakamwita Sir Charles na kumtania kuwa ndiye lodi wa Kabete. Ukimcheka mtu kwa nguo zake unaweza kusahau kusoma alichotia sahihi.

Halafu ikaja 1976, mwaka ambao wanaomsifu huanzia.

Kenyatta alikuwa amezeeka na afya imeyumba. Katiba, kwa marekebisho yaliyotoka katika ofisi ya Njonjo mwenyewe mwaka 1968, ilisema Rais akifa Makamu wake anashika nchi kwa siku 90 hadi uchaguzi ufanyike. Makamu alikuwa Daniel arap Moi, ambaye wakubwa wengi wa Kiambu na Nakuru walimwona mchunga ng'ombe wa kupita njia. Mwezi wa Septemba wanasiasa wazito, akina Kihika Kimani, Njoroge Mungai na Njenga Karume, walianza mikutano ya hadhara, wa kwanza Nakuru, kudai kifungu hicho kibadilishwe, Makamu asirithi hata kwa siku moja.

Tarehe 6 Oktoba Njonjo akatoa taarifa fupi. Akawakumbusha wananchi kwamba ni kosa la jinai kuwaza, kubuni au kukusudia kifo cha Rais, na kwamba adhabu yake ni kifo. Basi. Hakumtaja mtu. Kosa lenyewe lipo katika kifungu cha 40 cha Kanuni ya Adhabu, na maneno yake yametoka mbali sana, kwenye sheria ya uhaini ya Mwingereza ya mwaka 1351, zama za Mfalme Edward wa Tatu. Mwanasheria wa Kabete alichomoa upanga wa karne ya 14 kutoka kabatini, akaufuta vumbi, akauweka mezani Nakuru. Baraza la mawaziri likamuunga mkono, na mikutano ikanyamaza.

Ni kweli kwamba siku ile aliilinda katiba. Kenyatta alipofariki Ikulu ya Mombasa alfajiri ya tarehe 22 Agosti 1978, Moi aliapishwa siku hiyo hiyo, hakuna risasi iliyolia, na nchi kadhaa za jirani zingetamani zingepata mpito kama ule. Lakini tazama alivyoilinda. Watu walikuwa wanajadili hadharani marekebisho ya katiba, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelifanya mara nyingi mno, mara moja kwa mchana mmoja. Jibu lake halikuwa kwamba hoja yao ni mbovu. Jibu lilikuwa kwamba kuwaza tu ni kitanzi. Wananchi wakajifunza kuwa katiba ni mali ya ofisi fulani, ofisi hiyo ndiyo inayoamua nani aruhusiwe kuigusa. Somo lile lilidumu kuliko taarifa yenyewe.

Wasomaji wa Tanzania watakuwa wanasubiri niseme habari ya Jumuiya. Njonjo hakuipenda, na hakuficha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokufa mwaka 1977 inasimuliwa mpaka leo kwamba alisherehekea kwa shampeni. Tanzania ilikuwa imefunga mpaka mwezi wa Februari mwaka huo, na ulikuja kufunguliwa Novemba 1983, miezi michache baada ya yeye kutoka serikalini. Sisemi moja lilisababisha jingine. Natazama kalenda tu.

Baada ya 1978 Moi alikuwa na deni kwake, na kila mtu alijua. Kwa muda ilionekana nchi inaendeshwa na watatu: Moi, Mwai Kibaki aliyekuwa Makamu wa Rais, na Njonjo. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo bado linanishangaza kuliko yote. Mwaka 1980 alistaafu uanasheria mkuu, mbunge wa Kikuyu, Amos Ng'ang'a, akajiuzulu kumpisha, Njonjo akapita bila kupingwa, na Moi akamteua kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na ya Katiba. Wengi waliona ni kupanda cheo, ngazi moja tu kufika juu. Kisheria alikuwa ameshuka. Ofisi aliyoiacha ililindwa na katiba. Uwaziri ulitegemea hisani ya Rais, asubuhi unao, jioni huna. Na faili zote za mashtaka alikuwa amezikabidhi kwa mwingine. Mtu aliyejua kila kifungu alihama kwa hiari kutoka nyumba ya mawe kwenda kwenye hema. Tamaa, labda. Au aliamini kwamba mkono uliomweka Moi hautakatwa na Moi.

Aliyempokea, James Karugu, anastahili makala yake mwenyewe. Alikaa mwaka mmoja hivi, akaacha kazi mwaka 1981, akarudi kwenye shamba lake la kahawa Kiambu, na kwa miaka 40 hakutoa maelezo yaliyowatosheleza watu. Alifariki 2022 pia, Novemba. Mmoja alishindwa kuiacha ofisi ile hata baada ya kuiacha, mwingine aliionja akaitema.

Juni 1982 bunge lilipitisha kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria. Odinga na George Anyona walikuwa wanajiandaa kusajili chama kipya. Njonjo, sasa akiwa waziri, ndiye aliyeusimamia mswada ule, na kwa mara nyingine haukuchukua muda. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Agosti, wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali. Nairobi ikaporwa, damu ikamwagika, na Moi aliyetoka upande wa pili wa siku ile hakumwamini mtu tena.

Mei 1983, akihutubia Kisii, Moi alisema kuna mtu ambaye nchi za nje zinamwandaa kuchukua urais. Hakutaja jina. Msaliti ni nani? Kwa wiki kadhaa nchi nzima ilikuwa na swali hilo moja, matatuni, sokoni, makanisani, kila mwanasiasa akikimbia kuapa kwamba si yeye. Mwezi wa Juni jina likatamkwa bungeni, naye waziri mwenzake, Elijah Mwangale, akawa wa mbele katika kumnyooshea kidole. Kabla ya mwezi kwisha Njonjo alisimamishwa uwaziri, akaachia na ubunge.

Hakupelekwa mahakamani. Iliundwa tume ya majaji watatu, Cecil Miller akiwa mwenyekiti, pamoja na Chunilal Madan na Effie Owuor. Vikao vilikuwa vya wazi, na magazeti ya 1984 yalinunuliwa kama mkate wa asubuhi. Tuhuma zilitoka kila pembe: kuingiza silaha, kuhusika na jaribio la mapinduzi la Ushelisheli la Novemba 1981 lililofanywa na mamluki wa Mike Hoare, kutaka kumpindua Rais, kutumia vibaya fedha za chama cha walemavu. Ukizisoma leo kuna zinazoshtua na kuna ambazo hakimu wa kijijini angezitupa kabla ya chai. Tume haikuwa mahakama, kwa hiyo ushahidi haukuchujwa kwa kipimo cha kesi ya jinai. Wale waliowahi kuwekwa kizuizini bila hata kikao cha namna hiyo hawakuwa na machozi ya kumwazima, na siwalaumu.

Ripoti ilimwona ana makosa katika mambo kadhaa. Tarehe 12 Desemba 1984, katika sherehe za Jamhuri, Moi akatangaza kwamba amemsamehe.

Rudi sasa kwenye kifungu cha 27. Kiliruhusu Rais asamehe aliyehukumiwa na mahakama kwa kosa la jinai, na tangu Desemba 1975, kwa ajili ya Ngei, mtu aliyefungiwa na mahakama ya uchaguzi. Njonjo hakuwa huyu wala yule. Hakushtakiwa, hakuhukumiwa, kwa maandishi hapakuwa na kosa la kusamehewa. Mwanasheria mchanga angeweza kusimama na kuuliza msamaha huo umesimama juu ya kifungu gani. Njonjo, aliyekijua kifungu kile kuliko mtu yeyote hai, hakuuliza. Alinyamaza, akaenda nyumbani, akaishi miaka 37 zaidi.

Na aliishi vizuri, hilo tusilifiche. Biashara, familia aliyoianza akiwa na miaka 52 alipomwoa Margaret Bryson mwaka 1972, kuogelea karibu kila siku hadi uzeeni. Mwishoni mwa miaka ya tisini Moi yule yule alimfanya mwenyekiti wa Shirika la Huduma za Wanyamapori. Akiulizwa na waandishi habari za zamani alijibu kwa ufupi na kwa Kiingereza chake cha kupigwa pasi, bila kujuta kwa sauti.

Rekodi yake ya kukaa ofisini ilivunjwa na Amos Wako, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu kuanzia 1991 hadi 2011, na Wakenya walipoandika katiba mpya ya 2010 walikuwa na uzoefu wa wote waliopita pale. Wakaikata ofisi vipande. Mwanasheria Mkuu akabaki mshauri wa serikali. Mashtaka wakampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ofisi huru, na kifungu cha 157 kikaongeza sharti ambalo mjomba hakuwahi kulisikia kazini: mkurugenzi hawezi kusimamisha kesi bila ruhusa ya mahakama.

Nilimsomea sharti hilo. Akauliza kama hakimu anaweza kukataa. Nikamwambia anaweza. Akauliza kama wanakataa. Ilikuwa baada ya uchaguzi wa 2022, wakati kesi kadhaa za wakubwa zilikuwa zinaondolewa moja baada ya nyingine, maombi yameandikwa vizuri, ruhusa imetolewa, nami nikamwambia asubiri tuone.